Kabla hujawasha spika: ngoma na muziki kwa watoto wakimbizi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasulu, na vikundi vya ngoma nimekuwamo tangu nikiwa sekondari. Nimepata nafasi ya kujitolea katika kambi ya Nyarugusu siku mbili kwa wiki, kwenye kituo cha watoto. Ninao kama 40, wa miaka 6 hadi 14, Wakongo na Warundi wamechanganyika. Kirundi sijui. Siku ya kwanza nilikwenda na spika, nikaweka Bongo Fleva na singeli, wadogo wakaruka kwa furaha. Lakini baadhi, hasa wale wakubwa, walikaa ukutani mpaka mwisho, na mvulana mmoja aliziba masikio akatoka mbio. Nifanyeje niwafikie wote? Wale wa ukutani niwalazimishe kidogo? Tena viongozi wa kituo wameshaniambia niandae onesho la Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la ukutani, maana limebeba mengine yote. Usiwalazimishe, hata kidogo. Usiwavute mikono, usiwaite kwa majina mbele ya wenzao, usiwatume wadogo kwenda kuwachokoza. Mtoto wa kambini hachagui anachokula, hachagui anapolala, hajui lini familia yake itahamishwa wala itapelekwa wapi. Kituo chako huenda ndicho mahali pekee katika wiki yake ambapo anaweza kukataa jambo na asigombezwe. Ukimwachia hiyo haki, mmeshaanza kuelewana kabla hajainua mguu.

Halafu jifunze kumtazama vizuri. Uso wa mtoto wa namna hiyo hausemi kitu, kwa hiyo tazama miguu na vidole. Nilimfuatilia wakati fulani msichana wa Kikongo aliyekuwa anakuja kila kipindi, anakalia dumu lake la maji la lita 20, mgongo ukutani, macho mlangoni. Ungesema hayupo. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinagonga ubavu wa dumu, polepole, kwenye pigo lenyewe hasa, na wenzake walipoharakisha wimbo kidole nacho kikaharakisha. Msaidizi wetu hakumwita. Alichukua dumu jingine, akakaa kando hatua chache, akaangalia mbele kama yeye, akagonga pigo lile lile. Msichana akaacha. Akasubiri. Kisha akagonga pigo jingine, gumu zaidi, na msaidizi akaliiga. Wakaendelea hivyo mpaka kipindi kikaisha, bila neno na bila kutazamana. Kipindi kilichofuata alisogeza dumu lake mwenyewe, akalitoa ukutani.

Kazi yako kubwa, mwalimu, ni kuwa yule msaidizi. Umekwenda ukiwa na ujuzi wa ngoma na unatamani kuwapa, na moyo huo ni mzuri, lakini mtoto mkimbizi amezoea kupewa: anapewa blanketi, anapewa mgao, anapewa daftari, anapewa ratiba. Hakuna anayemwomba kitu. Siku utakayomwomba pigo lake, ukaliiga mbele yake kwa bidii kama mwanafunzi, atajua kwamba ana kitu ambacho mtu mzima anakihitaji. Kwa hiyo kwa wiki za mwanzo usifundishe hatua hata moja. Jifunze zao.

Sasa spika. Iache nyumbani kwa muda. Muziki wa Bongo wanaujua na wanaupenda, hilo halina ubaya, ila spika ina matatizo mawili. La kwanza, spika haisikilizi. Ikishawashwa inakwenda kwa kasi yake, na mtoto aliyechoka au aliyeshtuka lazima aifuate au atoke. Makofi yenu, mapaja yenu na nyayo zenu zinaweza kupunguzwa papo hapo ukiona mtoto mmoja amebadilika. La pili ni ukali wa sauti. Singeli ina kasi kubwa na besi ya spika inagonga kifuani ghafla. Kwa mtoto ambaye mwili wake umejifunza kwamba mlio wa ghafla ni hatari, moyo unaenda mbio kabla akili haijajua kwamba huu ni muziki. Huyo mvulana aliyeziba masikio hakukuvunjia heshima. Mwili wake ulimwamuru.

Filimbi pia iache. Wapo watoto waliosikia filimbi za watu wenye silaha kabla ya kusikia filimbi ya refa. Na usipige ngoma au dumu nyuma ya mtoto. Wote wakuone unapoinua mkono.

Mtoto akishtuka tena kama yule mvulana, usisimamishe kundi zima na kulifanya lote limgeukie yeye. Punguza pigo, liwe la chini, wimbo uendelee. Msaidizi mmoja amfuate kwa mwendo wa kawaida, asimame mahali ambapo mtoto anamwona, amwambie mambo ya kawaida kabisa: uko kituoni, ni mchana, ule ulikuwa mlio wa dumu, mimi niko hapa. Amwombe akanyage chini kwa nguvu, mguu mmoja baada ya mwingine, ahisi udongo. Ampe maji. Asimkumbatie bila kumwuliza, wala asimwulize amekumbuka nini. Maswali ya namna hiyo yana mahali pake na watu wake, na mahali pake si mlangoni mwa kituo wenzake wakichungulia. Kipindi kijacho, mwonyeshe mvulana huyo vyombo mapema kabla wenzake hawajaingia, avishike, na yeye ndiye aamue ni kwa sauti gani mtaanza. Mara nyingi mtoto anayeogopa mlio huacha kuuogopa akiwa yeye ndiye anayeupiga.

Umesema kundi ni mchanganyiko wa Wakongo na Warundi, nami naomba usiwachukulie wote kuwa na historia moja. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kivu Kusini, maeneo kama Fizi na Uvira. Warundi wakaingia kwa maelfu kuanzia 2015, na kuanzia 2023 wameendelea kuja Wakongo wapya. Kwa hiyo katika watoto wako 40 wamo waliozaliwa humo humo kambini, hata wengine wazazi wao walikulia humo, na wamo walioiona njia ya kukimbia kwa macho yao. Aliyezaliwa Nyarugusu ukimwambia "tucheze ngoma ya kwenu" utamchanganya. Kwao ni pale. Nyimbo zake ni za kwaya ya kanisa lililo jirani, za foleni ya maji, za michezo ya kupiga makofi waliyoitunga wenyewe kwa lugha mbili au tatu. Hizo ndizo za kuanza nazo. Mwombe kila mwenye mchezo wa makofi auonyeshe, na utashangaa jinsi mtoto wa Kirundi na wa Kikongo wanavyojua pigo moja lenye maneno tofauti.

Kuhusu lugha, hofu yako ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Wakongo hao wanaongea Kiswahili, ingawa si cha Kasulu. Ukisikia "tuko nacheza" usisahihishe, hapo si darasani. Warundi wengi wamekwisha kuokota Kiswahili cha kambini, na wewe unapaswa kuokota Kirundi chao. Amahoro ya kusalimia, murakoze ya kushukuru, na kabla ya yote jifunze "oya", yaani hapana, maana mtoto akikwambia hivyo mara tatu wewe unaendelea kutabasamu, amekwisha kukuhesabu miongoni mwa wasiosikia. Maelekezo yatoe kwa mwili: inua mikono kumaanisha kaza sauti, ishushe kumaanisha punguza, ngumi iliyofungwa kumaanisha kimya. Na ishara hizo usizishike wewe tu. Mpe mtoto awe kiongozi, kundi zima likinyamaza kwa ngumi yake ndogo. Sijaona kitu kinachomnyoosha mtoto mgongo haraka kama hicho.

Watafute wasaidizi wawili kutoka kambini, mmoja Mrundi na mmoja Mkongo, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Bila mwanamke katika kituo, wasichana wa miaka 12 na kuendelea watabaki ukutani, na watakuwa na sababu.

Nikupe njia moja ninayoipenda kwa kundi kama lako. Kwenye ngoma za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, kuna mgawanyo wa kazi. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe zinashika pigo lisilobadilika tangu mwanzo mpaka mwisho. Ibishikizo zinamfuata kiongozi anakokwenda. Chukua mpango huo uuweke kwenye madumu, vifuniko vya sufuria na chupa zilizotiwa kokoto. Mtoto asiyetaka kuonekana mpe pigo lisilobadilika. Hakuna anayemtazama, lakini akiacha, wote wanapotea, na yeye anajua hivyo. Yule mwenye vurugu asiyetulia dakika mbili, mpe kumfuata kiongozi, maana hapo lazima masikio yafanye kazi. Uongozi uzunguke, na aliye kwenye pigo lisilobadilika asipewe uongozi mpaka atakapouomba mwenyewe. Wengine hawauombi kabisa, na hawana kasoro yoyote.

Tumia madumu lakini, usitumie ingoma zenyewe, mpaka uwe umekaa na wazee wa Kirundi. Ngoma zile zilikuwa za ufalme na zina heshima yake. Kimila huwa za wanaume, na mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri inayowazuia wanawake kuzipiga. Ukimpa msichana wa Kirundi ingoma bila kuzungumza na mtu, unaweza kumletea maneno nyumbani ambayo wewe hutakuwepo kuyajibu. Dumu halina mwiko, kila mtoto analipiga.

Wazazi nao waone kwa macho yao. Zipo familia za kilokole zinazoamini kucheza muziki wa kidunia ni dhambi, zipo za Kiislamu zisizotaka wasichana wakubwa wacheze mbele ya wanaume. Usibishane nao. Waalike waje wakae, na mtoto aliyekatazwa kucheza mpe kupiga dumu, kuimba, au kuhesabu pigo. Nyarugusu ina kwaya nyingi na nzuri, na mama wa kwaya akikuunga mkono umepata zaidi ya kibali cha ofisini. (Kibali cha ofisini nacho usikisahau, uwe nacho mkononi kila siku unapoingia.)

Kuna nyimbo ambazo lazima uzizuie, na hapa nataka uwe makini. Watoto huimba walichosikia. Wimbo wa mchakamchaka wenye mdundo mtamu unaweza kuwa umetoka kwa kundi lenye silaha la Kivu, au kwa vijana wa chama. Mwaka 2017 ilisambaa video ya vijana wa Imbonerakure, umoja wa vijana wa chama tawala nchini Burundi, wakiimba juu ya kuwabaka wapinzani wao, na katika nchi jirani ya Rwanda mwaka 1994 redio ilipiga nyimbo huku watu wakiuawa. Wewe hujui Kirundi wala Kibembe wala Kifuliiru. Kwa hiyo kila wimbo mpya msaidizi akutafsirie maneno kabla kundi zima halijaushika. Ukiwa mbaya, usimgombeze aliyeuleta. Chukua pigo, wekeni maneno yenu. Na usiwapange watoto kwa mistari wakipiga kwata na kuitikia amri. Kwako ni mazoezi ya asubuhi, kwa mwingine ni jambo jingine kabisa.

Mpangilio wa kipindi uwe ule ule kila siku, hata ukikuchosha. Mtoto ambaye maisha yake yamekatika ghafla anapata nafuu kwa kujua kitakachofuata. Anzeni na wimbo mmoja wa kuingilia, usibadilike. Kisha majina: kila mtoto anataja jina analotaka kuitwa na anafanya kitendo kimoja, kundi linamrudishia jina na kitendo chake. Asiyetaka anapunga mkono, kundi linampungia. Halafu michezo ya makofi, halafu madumu, halafu kucheza kwenyewe, pale ambapo jasho linatoka. Baada ya hapo mshuke pamoja.

Kushuka ndiko kunakosahaulika, na ndiko ninakokusihi ukuchukulie kwa uzito. Usiwaruhusu watoto watoke kituoni wakiwa kileleni, moyo unadunda na damu imechemka. Wakitoka hivyo watapigana kwenye foleni ya bomba, au usiku hawatalala. Dakika 10 au 15 za mwisho pigo lipungue hatua kwa hatua, kutoka kuruka hadi kutembea, kutoka kutembea hadi kukaa, kutoka kwenye dumu hadi viganja juu ya mapaja. Malizeni na wimbo wa polepole wenye mistari mirefu, wa kubembeleza mtoto au wa kwaya, sauti ya chini. Kuimba mstari mrefu kunarefusha pumzi inayotoka, na pumzi ya kutoka ikirefuka mapigo ya moyo yanapungua. Huhitaji kuwaeleza hilo watoto. Mnaimba tu, na utaona mabega yakishuka.

Wasichana wengi watakuja na wadogo zao mgongoni. Usiwakatalie wala usiwaambie wamshushe mtoto. Cheza nao hivyo hivyo, mkitumia mwendo wa kuyumba unaomfaa na mtoto mchanga. Wengine watachelewa kwa sababu ya foleni ya maji, basi weka mlango wazi na madumu yao yapate nafasi. Na saa ya kipindi ipange kwa kuuliza, maana mgao wa chakula umepunguzwa mara nyingi miaka hii, na mtoto ambaye hajala tangu jana hawezi kuruka saa nzima. Siku ukiona wamelegea, imbeni mmekaa.

Kundi la 40 ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Ligawe: miaka 6 hadi 9 siku moja, 10 hadi 14 siku nyingine. Ninajua kila mtoto atapata kipindi kimoja badala ya viwili. Afadhali kimoja ambacho utamwona.

Jambo jingine ni kuondoka. Tangu 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao chini ya mpango wa kurejea kwa hiari, na Wakongo kadhaa wamehamishiwa nchi za mbali. Utakuja siku moja ukute nafasi tupu. Usijifanye hujaona. Mwiteni jina, fanyeni kitendo chake alichokichagua, kisha endeleeni. Mkipata taarifa mapema, mwombe mtoto awaachie pigo au mchezo mmoja, nanyi mumpe mmoja wa kwenda nao. Wimbo haupimwi uzito kwenye mizigo. Kwa sababu hiyo hiyo usianzishe kitu kinachohitaji miezi sita kukamilika. Kila kipindi kiwe kizima chenyewe. Na wewe ukijua utaacha, waambie wiki kadhaa kabla. Usipotee.

Kuna mambo ambayo ngoma haiwezi. Mtoto asiyelala wiki baada ya wiki, aliyeacha kuongea, anayejiumiza, anayekojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, huyo anahitaji mtu wa huduma ya saikolojia, na kambini wapo. Kazi yako ni kumfikisha kwao. Na kwa kuwa muziki hulegeza, iko siku mtoto atakuja pembeni akwambie kitu kizito, kwamba anapigwa, au kuna mtu anamgusa. Msikilize mpaka mwisho, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie amefanya vyema kusema, na siku hiyo hiyo umfikie ofisa wa ulinzi wa mtoto. Ukikosa njia, namba 116 ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania ni ya bure.

Sasa tarehe 20 Juni. Najua huwezi kuwakatalia viongozi, na onesho lenyewe si baya. Watoto wanapenda kuonekana na mama zao wakipigiwa makofi. Kibaya ni onesho linapomeza vipindi vyote, ukaanza kumfokea aliyekosea hatua, ukawaweka mbele wazuri na kuwarudisha ukutani wale uliokwishawatoa huko. Waulize watoto kwanza kama wanataka. Wakitaka, wao wachague wimbo na wao wapange nani asimame wapi. Mazoezi yachukue wiki mbili za mwisho tu, kwa wimbo ambao tayari wanaujua. Usikubali igizo la kukimbia vita kwa ajili ya wageni, hata ukiambiwa litawagusa wafadhili. Hakuna sababu ya mtoto wa miaka 9 kuanguka chini akijifanya amepigwa risasi ili mtu mzima atoe machozi. Viti vya mbele wakae wazazi. Picha na video zinahitaji ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na simu yako isiwe ya kwanza kurusha mtandaoni, kwani kuna familia zinazojificha na watu wanaozitafuta.

Yule asiyetaka kupanda jukwaani mpe kazi ya kweli: atunze madumu, au ashike pigo akiwa nyuma ya pazia. Na kipindi cha kwanza baada ya sherehe, hata kama wewe umechoka, nenda. Waanze na wimbo ule ule wa kuingilia.